Ng'ombe Hawaigizi

Jumamosi, tarehe 2 Septemba 1995. Mwanza kulikucha na wingu zito juu ya ziwa na upepo wa baridi kutoka upande wa Ukerewe. Manyunyu yalianza saa kumi na mbili, yakaona hakuna aliyeyaomba, yakaacha.

Kwa yule ambaye gazeti lake la wiki iliyopita lilifungiwa dagaa kabla hajasoma, nitarudia kwa kifupi.

Mimi ni Venant Masalu, mtayarishaji wa filamu na mkurugenzi wa studio iliyoko Kirumba, nyuma ya ghala la dagaa. Nilipopunguzwa kazi ya ukarani kwenye pamba, nilichukua kiinua mgongo changu nikanunua kamera ya video. Nilianza na harusi na vipaimara. Leo nina filamu tatu ambazo zimeonyeshwa kwenye mabanda ya video kuanzia Kirumba hadi Sengerema, na watu hunisimamisha njiani na kuniuliza kwa nini nilimuua yule mjomba. Sisemi haya kwa majivuno. Nayasema ili ujue nimeanguka kutoka wapi.

Filamu yangu ya nne ilihitaji tukio la kupeleka mahari. Mzee Shimba, mfugaji mkubwa wa Misungwi, aliniazima ng'ombe kumi na wawili kwa siku moja. Yeye alitaka tu jina lake lisomwe mwanzoni mwa filamu. Na kwa kuwa sikupata mzee anayejua kuigiza baba mkwe, nilimchukua baba mzazi wa Sabina, mwigizaji wangu mkuu. Mzee Nkwabi alikubali kwa sharti moja: mambo yafanyike sawasawa, kwa sababu yeye hajawahi kusema uongo mbele ya ukoo wake.

Yakafanyika sawasawa. Aliwakagua ng'ombe mmoja mmoja, akamkataa mmoja mwenye pembe iliyovunjika, akaletewa mwingine. Wazee wa ukoo waliuliza maswali ambayo sikuwaandikia. Dume moja lilichinjwa na kuliwa. Nyuma ya kamera mimi nilikuwa nafuta machozi. Sijawahi kupata waigizaji wa namna ile.

Sasa najua kwa nini.

Nilipotuma watu wawachukue ng'ombe wawarudishe kwa Mzee Shimba, Mzee Nkwabi aliwarudisha mikono mitupu. Walikuja na ujumbe: ng'ombe wa mahari wakishapokelewa hawarudi, na Sabina hatatoka nyumbani kwao mpaka mume wake aje kumchukua. Wazee wakaniita siku ya Jumamosi.

Siku hiyo niliamka saa kumi alfajiri, nikasali rozari nzima. Nilimwomba Mungu kitu kimoja tu, ujasiri wa kusema kweli mbele ya wazee. Nakushauri, msomaji, ukiomba ujasiri, uombe na busara katika sala hiyohiyo, usije ukapewa kimoja.

Nilipotoka chumbani nilimkuta mke wangu Paskazia amevaa kitenge cha kanisani na kilemba chake.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kumwona mke mwenzangu."

"Paskazia, ule ulikuwa mchezo, na bwana harusi hata sikuwa mimi."

"Na mimi nakwenda kutazama mchezo. Kunywa chai, inapoa."

Tuna miaka ishirini na mmoja ya ndoa. Nilikunywa chai.

Otuoma alitupitia na pikapu ya barafu. Huyu ni kijana wa Shirati, anauza barafu kwenye soko la samaki la Mwaloni, na katika filamu ndiye aliyeigiza bwana harusi. Ana sura nzuri, na tatizo lake ni kwamba analijua hilo.

"Shikamoo, Mkurugenzi. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo usiseme kitu mpaka nikuambie."

"Niseme nini tena? Mimi ndiye niliyeolewa bila kuulizwa."

"Umeoa. Hujaolewa."

"Basi mama yangu kule Shirati hajui. Atataka kujua kwa nini hakuletewa hata utumbo."

Paskazia alicheka. Niliona vibaya kwamba amecheka kwa Otuoma na si kwangu.

Tulipofika kijijini kwa Mzee Nkwabi, wazee saba walikuwa wamekaa kwenye vigoda, Mzee Maige akiwa katikati yao kama msemaji. Wanawake walikuwa kwenye mikeka karibu na jiko. Pembeni, peke yake, alikaa Mzee Shimba na fimbo yake. Alikuwa amekuja kuchukua ng'ombe wake, na nilimshukuru kimoyomoyo kwa kuja. Ng'ombe wenyewe walikuwa zizini wakicheua. Walikuwa wamenenepa.

"Mwangaluka, mkwe," alisalimu Mzee Nkwabi kwa Kisukuma.

Nilimsogeza Otuoma mbele kwa kiwiko.

"Nimekuamkia wewe," alisema Mzee Nkwabi, akinitazama mimi.

Nilihisi Paskazia akigeuka nyuma yangu.

"Shikamoo, mzee. Lakini mkwe, katika mchezo, ni huyu hapa. Otuoma."

"Huyu? Huyu alileta nini hapa?"

"Alileta ng'ombe."

"Waswagaji walikuwa watu wa nani?"

"Walikuwa watu wangu."

"Nilipomkataa yule mwenye pembe mbovu, nani alikwenda kuleta mwingine?"

"Nilikwenda mimi, mzee, ila nilikuwa nafanya kazi yangu."

"Na aliyesema kwa sauti, 'Mzee, sasa wapokee,' alikuwa nani?"

"Nilikuwa naelekeza."

"Sawa. Na huyu kijana siku hiyo alifanya nini?"

Nilifikiri. Otuoma siku hiyo alikuwa amekaa kwenye kiti, amevaa suti ya kuazima, akitabasamu kama nilivyomwambia.

"Alikaa," nilisema.

"Anayekaa tu na suti, sisi tunamwita mpambe," alisema Mzee Nkwabi.

Wazee wakacheka. Otuoma akaninong'oneza, "Hongera, Mkurugenzi. Mimi nimenusurika."

Nilisimama wima. "Wazee wangu, naomba mnielewe. Yote yale yalikuwa ya kuigiza."

Mzee Maige aliinua mkono. Ni mtu mpole, na wapole ndio wanaochosha katika mabishano.

"Tuelimishe, Venant. Sisi hatujasoma. Nkwabi hapa ni baba wa kuigiza?"

"Hapana, mzee. Ni baba yake kweli."

"Na mama yake?"

"Ni mama yake kweli."

"Sisi je? Ulituokota sokoni?"

"Hapana, mzee. Ninyi ni ukoo wake."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe hawaigizi," nilisema, na nikasikia mwenyewe nilichosema.

"Umesema," alisema Mzee Maige. "Lile dume je? Liliigiza kufa?"

"Mimi nililila," alisema mzee mmoja wa pembeni. "Halikuwa na ladha ya kuigiza."

Wakacheka tena. Kisha Mzee Maige akaendelea, na sasa hakuwa anacheka.

"Na jioni ile ulituletea televisheni, ukaifunga kwenye betri ya gari, ukatuonyesha. Tulijiona tukikaa, tukihesabu, tukipokea. Ndoa zetu nyingine mashahidi hufa au husahau. Hii yako inarudishwa nyuma na kutazamwa tena. Tangu nizaliwe sijaona ndoa yenye shahidi kama huyo."

Ilikuwa kweli. Ile televisheni niliileta kwa moyo mzuri, ili wafurahi. Nimegundua kwamba mambo mengi yaliyonipata niliyafanya kwa moyo mzuri.

Kutoka kwenye mkeka Paskazia akasema, "Wazee wangu, huyu mwanamume ana mke wa ndoa ya kanisa. Ndiye mimi. Na nchi hii ina sheria, binti haozwi bila ridhaa yake."

"Mama, tunakuheshimu," alisema Mzee Maige. "Sheria tunaijua. Inaishi Mwanza mjini, huku hupita siku ya gulio. Sabina anaishi hapa siku zote, na mama yake, na bibi yake, na sisi. Akiondoka kwa sheria atarudi kwa nani?"

Sabina alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, kata ya maji mkononi, ananitazama. Ana miaka ishirini na miwili. Nilimkuta anapiga chapa barua za watu karibu na stendi pale Nyamagana, na tangu siku ya kwanza mbele ya kamera sikuhitaji kumwelekeza mara mbili. Sasa alikuwa anangoja nimwondoe mahali ambapo nilimtia mwenyewe.

Hapo nikakumbuka sala yangu ya alfajiri. Nikaona wakati wa ujasiri umefika.

"Wazee wangu," nilisema, "nina jambo la kukiri. Mnaniita mkwe kwa sababu ya ng'ombe. Ng'ombe wale si wangu. Hata kwato moja si yangu. Wote ni wa Mzee Shimba. Mimi niliazima. Kwa hiyo, kwa desturi yenu wenyewe, mimi siwezi kuwa mume wa Sabina."

Nilikaa. Moyo ulikuwa mwepesi kama baada ya kitubio. Wepesi ule ulidumu muda wa kuku kumeza punje.

Kisha Mzee Maige akageuka taratibu, akamtazama Mzee Shimba. Wazee wote wakageuka. Wanawake kwenye mikeka wakageuka.

Mzee Shimba ana umri wa miaka sabini na wake wanne, na sijaona mtu mwenye adabu kumshinda. Alivua kofia yake.

"Mimi nilikuja kuchukua ng'ombe," alisema polepole. "Sikujua kwamba nimeoa."

"Hata sisi hatukujua," alisema Mzee Maige. "Hongera."

"Walipokelewa?"

"Walipokelewa."

"Wote?"

"Wote. Yule mwenye pembe mbovu alibadilishwa."

"Ndiye niliyemshangaa kurudi mapema," alisema Mzee Shimba. Akamgeukia Mzee Nkwabi. "Na wewe, baba yake, una neno?"

Nilimwona Mzee Nkwabi akimeza mate. Yeye alitaka mkwe wa mjini, mkurugenzi mwenye studio. Hakutaka mkwe anayemzidi umri kwa miaka kumi. Lakini maswali yake yalikuwa yameshasema mbele ya watu kwamba mwenye ng'ombe ndiye mume, na huyu ni mtu ambaye hajawahi kusema uongo mbele ya ukoo wake.

"Sina neno," alisema, ila aliyaambia mavumbi.

Otuoma alinisogelea sikioni. Safari hii hakuwa na mzaha. "Mkurugenzi, ungenyamaza tu, ungebaki na kesi yako. Sasa umempa mtu."

Nilijua. Nilikuwa nimesema kweli, na kweli yangu ilikuwa imemwoza binti wa watu kwa mzee wa miaka sabini mbele ya macho yangu.

Ndipo Sabina alipoiweka kata chini. Mama yake alimshika khanga. Akajitoa, akaja mpaka katikati, akapiga magoti mbele ya wazee.

"Baba zangu, naomba kusema."

Minong'ono ikapita kwenye mikeka. Mzee Maige akamtazama Mzee Nkwabi, naye akainua bega.

"Sema."

"Mmesema kanda ndiyo shahidi."

"Tumesema."

"Shahidi akiwa bado anasema, hukatizwa?"

Wazee wakatazamana. "Hakatizwi," alisema yule aliyelila dume.

"Basi kanda haijamaliza kusema. Mmeona nusu. Sehemu ya mwisho haijapigwa. Katika mwisho wa hadithi, binti anabaki kwao, na ng'ombe wanarudishwa kwa mwenyewe, mbele ya wazee walewale waliowapokea. Muulizeni Mkurugenzi."

Nyuso zote zikanigeukia.

Sasa nitakwambia ukweli, msomaji. Hadithi yangu haikuwa na mwisho huo. Ilikuwa iishie kwa ngoma na pilau. Nathaniel, mwenye duka la kanda pale Nyamagana, ndiye husambaza filamu zangu zote, na bila yeye filamu haifiki hata Igoma. Aliniambia wazi: watu hawatoi nauli kuja kutazama ng'ombe wakirudi nyumbani. Ama harusi, ama asiione filamu hiyo mezani kwake.

Lakini ukurasa wa mwisho nilikuwa bado sijauandika. Daftari lilikuwa mfukoni. Kwa mbele lina masomo yangu ya jioni, maana nasoma kidato cha pili nikiwa na miaka arobaini na saba. Kwa nyuma lina filamu.

Nilimtazama Sabina. Nimemwongoza katika filamu tatu, najua anavyotazama anapoigiza. Hakuwa anaigiza.

"Ni kweli, Venant?" aliuliza Mzee Maige.

Nilitoa daftari. Nikaliweka gotini, nikaandika mistari miwili. Wazee walisubiri kwa heshima, maana huku mtu anayeandika hasumbuliwi. Nilipomaliza nikaweka nukta.

"Ni kweli," nilisema.

Sikusema uongo. Mwandishi ni mimi, na wakati najibu ilikuwa imeshaandikwa.

Wazee walikwenda kuteta nyuma ya kihenge. Walikaa huko muda mrefu. Otuoma alijaribu kumpa Sabina leso, mama yake akaipokea yeye, akajifuta jasho. Paskazia alikwenda akakaa karibu na Sabina, akamwekea mkono mgongoni. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kumwona mke wangu amesahau kunikasirikia.

Waliporudi, Mzee Maige alibaki amesimama.

"Ndoa hii ilifungwa kwa ng'ombe, mbele yetu na mbele ya kamera. Inaweza kufunguliwa kwa ng'ombe, mbele yetu na mbele ya kamera. Lisilopigwa picha halitakuwa limefanyika, kwa sababu ile kanda ya kwanza bado itakuwepo na itaendelea kusema. Mzee Shimba?"

"Sina ubishi," alisema Mzee Shimba. "Mke anayelia sina haja naye. Ninao wanaocheka." Akavaa kofia yake. "Ila kwangu walitoka kumi na wawili. Naona kumi na mmoja."

Watu wote wakamtazama yule mzee aliyesifu ladha. Yeye akatazama juu, kwenye wingu.

"Lile dume jeusi lenye paji jeupe," alisema Mzee Shimba. "Silidai lilelile. Nataka dume. Wakirudi pungufu, hawajarudi, na mimi bado nina mke hapa. Jumamosi ijayo nitakuja na wake zangu wote. Ama tutaswaga ng'ombe, ama tutampokea bibi harusi. Tutakuja tumejiandaa kwa yote mawili."

Nilimtazama Mzee Nkwabi. Ana mbuzi watatu na jina zuri.

"Aliyewaazima ndiye anayewarudisha," alisema Mzee Maige, kana kwamba nimeuliza.

Paskazia aliinuka mkekani, akaja akasimama karibu nami. Otuoma naye akasogea.

"Dume utalipata wapi?" aliuliza Otuoma.

"Sijui."

"Unajua," alisema Paskazia kwa sauti ya chini. "Sisi tuna kitu kimoja tu ambacho mtu anaweza kukipokea akatupa dume."

"Kipi?"

"Kimekaa begani kwako."

Niliigusa kamera. Nimeizoea kiasi kwamba sikumbuki kama nimeibeba.

"Nikiitoa hii, kurudi kwa ng'ombe kutapigwa picha na nini? Umesikia. Lisilopigwa halikufanyika."

"Na usipoitoa, atarudi ng'ombe gani?"

Tulitazamana watatu. Kamera nyingine ya kuazima haipo; za Mwanza nazijua zote, na wenyewe nimewanyang'anya kazi za harusi kwa miaka mitatu.

"Venant," aliita Mzee Maige. "Tunangoja ahadi yako. Na tafadhali, hatutaki karatasi. Karatasi zako tumeona zinavyoandikwa. Simama pale katikati, useme kwa kinywa, watu wasikie."

Nilikwenda nikasimama. Sabina alikuwa bado amepiga magoti. Wazee saba, mikeka minne ya wanawake, majirani waliokuwa wameegemea zizi. Nilifanya ishara ya msalaba. Sikuomba ujasiri. Niliomba nisiseme zaidi ya nitakachoweza, na nikafungua kinywa.

"Mimi Venant, mwana wa Masalu, nasema mbele ya Mungu na mbele yenu. Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, dume litakuwa ndani ya zizi hili, na kamera itakuwa begani kwangu. Kikikosekana kimojawapo, Sabina asiende kwa mtu. Nichukueni mimi. Nitakwenda kwa Mzee Shimba, nitachunga ng'ombe wake, wala sitagusa filamu tena, mpaka yeye mwenyewe aseme inatosha."

Wazee wakagonga fimbo chini, zote kwa pamoja.

"Tumesikia," alisema Mzee Maige.

Mzee Shimba alinitazama kwa makini, kuanzia viatu mpaka kichwani, kama mtu anayekagua mchungaji.

"Nimesikia," alisema.

Nyuma yangu, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, Paskazia akasema, "Na mimi nimesikia."